Treni ya mwendo kasi haishindwi na mlima

Wengi wanaamini kuwa reli ya mwendo kasi lazima itafute ardhi tambarare, na pakiwa na mlima basi utobolewe. Imani hiyo ni ya enzi za injini za mvuke zilizovuta mabehewa mazito ya mizigo.

Reli ya Paris hadi Lyon, Ufaransa, iliyofunguliwa mwaka 1981, inavuka vilima vya Bourgogne bila handaki hata moja. Baadhi ya miinuko yake hupanda mita 35 kwa kila mita 1,000. Treni zake ni za abiria, mota zake za umeme zina nguvu nyingi, na kasi iliyokwisha kujengeka husaidia kuzipandisha.

Kinachoisumbua hasa treni ya mwendo kasi ni kona. Kasi ikiongezeka mara mbili, nusukipenyo cha kona, yaani umbali kutoka katikati ya duara la kona hadi kwenye reli, hutakiwa kiongezeke mara nne. Ndiyo maana ni vigumu kulikwepa shamba moja: kulizunguka hulazimu kusogeza kilomita kadhaa za njia. Mkulima anayeuliza kwa nini reli isipite pembeni anastahili kuelezwa hivyo waziwazi, tena kabla vigingi vya wapimaji havijachomekwa shambani mwake.