Mlima Kilimanjaro una mita ngapi? Inategemea umefungua kitabu gani

Jumatatu iliyopita mwalimu mmoja wa Maarifa ya Jamii alinitumia picha kwa WhatsApp. Ukurasa wa daftari, mwandiko wa mtoto wa darasa la sita, kalamu ya bluu: "mita 5,892". Juu yake alama ya kosa kwa wino mwekundu. Chini ya picha mwalimu kaandika: "Shikamoo dada. Huyu mtoto kanigomea. Anasema kaka yake kamwonyesha kwenye simu. Kitabu chenu kinasema 5,895. Nimjibu nini?"

Kazi yangu ni kuhariri vitabu vya kiada vya historia na jiografia, na kwa miaka yote niliyokaa kwenye kiti hiki, maswali ya namna hii ndiyo yanayoninyima usingizi. Makosa ya tahajia hayanisumbui sana, mtu anayaona, anayacheka, toleo lijalo yanarekebishwa. Tarakimu ni kitu kingine. Tarakimu ikishaingia kwenye kitabu cha shule inakuwa kama imeteremshwa. Hakuna anayeuliza nani aliipata, lini, wala kwa kutumia nini.

Basi nikamjibu mwalimu kwa ujumbe wa sauti, na huo ujumbe ndio nauandika hapa kwa kirefu.

Mita 5,895 ni kipimo cha mwaka 1952, enzi za Waingereza. Wapimaji walitumia pembetatu: unasimama sehemu mbili ambazo umbali wake unaujua, unalenga kilele kwa darubini ya kupimia, unasoma pembe, halafu unapiga hesabu. Shida ya njia hii ni kwamba mwanga hausafiri umenyooka ndani ya hewa yenye joto na baridi tofauti. Unapinda kidogo, na pembe inakudanganya kidogo. Mwaka 1999 kilele kikapimwa kwa setilaiti, ikapatikana 5,892. Mwaka 2008 wakapima tena kwa setilaiti, ikaja 5,891.8. Huko nyuma, wakati wa Wajerumani, vitabu vyao viliupa mlima huo zaidi kidogo ya mita 6,000, na kilele chenyewe wakakiita kwa jina la Kaisari wao. Jina la Uhuru limekuja mwaka 1961.

Mtu anaweza kudhani mlima unasinyaa. La hasha. Kilele cha Uhuru ni mwamba, na mwamba haujapungua. Kilichobadilika ni chombo, pamoja na maana ya "usawa wa bahari". Setilaiti hupima kuanzia umbo la dunia la kihesabu, laini kama yai. Usawa wa bahari wenyewe una mabonde na vilima vyake, kwa sababu mvutano wa dunia haulingani kila mahali, kwa hiyo lazima ubadilishe kipimo kimoja kiwe kingine, na kila mara hesabu hiyo inapoboreshwa, mita moja au mbili zinahama. Everest nao hivyo hivyo: tuliukariri 8,848, na mwaka 2020 China na Nepal wakatangaza pamoja 8,848.86.

Kwa hiyo mtoto yuko sahihi, na kitabu nacho kingekuwa sahihi kama kingesema "kwa kipimo cha 1952". Hakikusema.

Ukurasa huo huo una picha ya kilele, na maelezo chini yake: "barafu ya kudumu". Maneno hayo niliyapitisha mimi mwenyewe. Mwaka 1912 barafu ya Kilimanjaro ilifunika takriban kilomita za mraba 12. Kufikia 2011 ilikuwa imebaki chini ya 2. Neno "kudumu" limedumu kitabuni kuliko barafu yenyewe mlimani.

Na kwa kuwa tumefika kwenye barafu, kuna kisa ambacho kila mwaka najaribu kukiingiza kwenye kitabu cha historia, naambiwa hicho ni cha jiografia. Nikikipeleka jiografia, naambiwa ni cha historia.

Vitabu vingi nilivyosomea mimi viliandika kwamba Johannes Rebmann, mmisionari Mjerumani, "aligundua" Mlima Kilimanjaro mwaka 1848. Ukweli wa siku hiyo, tarehe 11 Mei, ni mtamu zaidi. Rebmann alikuwa safarini kwenda Uchagani, akiongozwa na Bwana Kheri, Mswahili mzoefu wa misafara. Asubuhi akaona weupe juu ya mlima, akadhani wingu. Akamuuliza kiongozi wake ule weupe ni nini. Jibu aliloliandika kwenye shajara yake ni neno moja, ambalo kwa masikio ya Kijerumani alilitahajia "beredi".

Baridi.

Kiongozi hakuwa na jina la theluji, maana pwani hakuna theluji, lakini alijua kule juu kukoje. Rebmann, aliyezaliwa kwenye nchi ya theluji, alilielewa neno hilo papo hapo. Habari ilipofika Ulaya, wapo wataalamu waliokataa katakata. William Desborough Cooley, mwanajiografia wa London ambaye hakuwahi kutia mguu Afrika Mashariki, alibishana kwa miaka mingi kwamba theluji karibu na ikweta haiwezekani, na kwamba yule mmisionari macho yamemdanganya. Sasa niambie, hapo nani amegundua nini? Ukiandika "aligundua" umemfuta Bwana Kheri, umewafuta na Wachaga waliokuwa wakiishi kwenye miteremko ya mlima huo. Ukiandika "alikuwa Mzungu wa kwanza kuuona na kuuandika", umesema kweli na hujapunguza chochote. Maneno saba badala ya moja. Msanifu kurasa atalalamika kwamba mstari umezidi. Mwache alalamike.

Neno lingine linalonichekesha ni "wapelelezi". Ndivyo vitabu vyetu vinavyowaita akina Burton, Speke na Stanley, wasafiri wa Kizungu wa karne ya 19, na mtoto anayesikia taarifa ya polisi redioni anajiuliza hawa walikuwa wanamtafuta nani. Ukizingatia kilichofuata baada yao, pengine neno limefika penyewe bila kukusudiwa.

Ramani ndiyo inayoonyesha vizuri zaidi jinsi maarifa ya jiografia yanavyopatikana, na kama ningepewa kurasa nne za ziada katika kitabu cha kidato cha kwanza, ningeweka ramani moja tu ya mwaka 1856. Waliichora Rebmann na mwenzake Jakob Erhardt. Erhardt alikaa Tanga miezi kadhaa mwaka 1854, na alichofanya huko ni kuuliza. Aliwauliza wafanyabiashara na watu wa misafara: mkitoka hapa mnapita wapi, siku ngapi, mnafika kwenye maji gani? Kila njia, iwe ya kutokea Tanga, Bagamoyo au Kilwa, iliishia kwenye maji makubwa. Wakayaunganisha yote. Likatoka ziwa moja la kutisha katikati ya bara, limejipinda kama koa, yule konokono asiye na nyumba, na ndivyo ramani hiyo inavyotaniwa hadi leo.

Ziwa hilo halipo. Lakini tazama kosa lenyewe. Watoa habari hawakudanganya hata mmoja: aliyetoka Kilwa alifika Nyasa, wa njia ya kati alifika Tanganyika, na wengine walisikia habari za Nyanza. Kila mtu alieleza maji aliyoyajua. Waliokosea ni wale waliochora mistari ya kuunganisha mahali ambapo hawakuwa na habari. Somo la kutumia vyanzo vya masimulizi, ambalo wanafunzi wa historia wanalikariri kwa vidokezo vitano vya faida na vitano vya hasara, lote liko kwenye ramani hiyo moja.

Ndiyo iliyowatoa Burton na Speke Uingereza. Walipofika Kazeh, yaani Tabora ya leo, mfanyabiashara Mwarabu aitwaye Snay bin Amir aliwaeleza kwamba maziwa yametengana, na kwamba lile la kaskazini ni kubwa kuliko la Ujiji. Speke alikwenda akaliona tarehe 3 Agosti 1858, akalipa jina la malkia wake. Vitabu vinamtaja Speke na malkia. Snay bin Amir, aliyelieleza ziwa kabla Speke hajaliona, utamtafuta sana.

Nihamie sekondari, ambako vitabu ni vya Kiingereza ingawa mwalimu akitaka kueleweka anageukia Kiswahili. Huko kuna jambo linaloniuma zaidi ya tarakimu zote. Muulize mwanafunzi yeyote wa Afrika Mashariki bonde la ufa lilitokeaje. Atakujibu kuna nadharia mbili: ya mvutano, kwamba gamba la dunia lilivutwa pande mbili, likapasuka, na kipande cha katikati kikazama; na ya mgandamizo, kwamba pande mbili zilisukumana, zikapanda juu na kukibana cha katikati kibaki chini. Atakuchorea michoro yote miwili yenye mishale, mizuri kabisa. Ukimuuliza sasa ipi ni ya kweli, anakutazama kama umetoka nje ya silabasi.

Nadharia ya mgandamizo haikuwa ya kipuuzi. E. J. Wayland, aliyeongoza idara ya jiolojia ya Uganda, aliitetea katika miaka ya 1920 kutokana na aliyoyaona upande wa Ziwa Albert. Mwaka 1936 mwanasayansi Mwingereza, Bullard, alichapisha vipimo vya graviti, ile nguvu ya dunia ya kuvuta vitu chini, vilivyoonyesha kwamba chini ya bonde vitu ni vyepesi kuliko ilivyotarajiwa, naye akaona bila kitu cha kulikandamiza, bonde lingeinuka. Kwa maarifa ya siku hizo, hoja ilisimama. Halafu zikaja miaka ya 1960 na elimu ya mabamba ya gamba la dunia, na leo vipokezi vya setilaiti vinaonyesha bamba la Somalia likijitenga na la Nubia kwa takriban milimita 6 kwa mwaka upande wa Ethiopia, kasi ikipungua kadiri unavyoshuka kusini. Mwezi Septemba 2005, huko Afar, Ethiopia, ardhi ilijitenga kwenye mstari wa kilomita 60 hivi, mahali pengine kwa mita 8, katika muda wa siku chache tu. Hapo mjadala wa mvutano na mgandamizo unabaki na nini? Unabaki historia, na historia nzuri mno, ya jinsi watu wenye akili walivyokosea kwa sababu zinazoeleweka. Ila kitabu kinaziweka nadharia hizo bega kwa bega kana kwamba mchezo uko sare, na mtihani unatoa alama sawa.

Sababu ni ya kawaida kabisa: kitabu kipya huandikwa kwa kutazama kitabu cha zamani. Mwandishi anaogopa kuacha kitu ambacho mtihani unaweza kukiuliza, na mtunzi wa mtihani anaogopa kuuliza kitu ambacho hakiko kitabuni.

Kuhusu ramani ya dunia ukutani sitasema mengi, wengi mmeshasikia habari za mchora ramani Mercator. Ramani yake ya 1569 ilikuwa ya mabaharia: mstari ulionyooka juu yake ndiyo njia ya kufuata dira bila kugeuza usukani. Gharama yake ni kwamba ukifika latitudo ya 60 kila urefu umeongezeka mara mbili, na eneo mara nne. Walimu, jaribuni hili: chukueni kalki, fuatisheni Tanzania, iwekeni juu ya Uswidi. Uswidi itaonekana karibu mara mbili ya Tanzania, wakati ukweli ni kinyume chake: kilomita za mraba 450,000 hivi kwa zaidi ya 940,000. Agosti 2025 Umoja wa Afrika uliunga mkono kampeni ya kuachana na ramani hiyo mashuleni na ofisini. Nafurahi. Ila hata kaskazini kuwekwa juu ni mazoea tu. Al-Idrisi, mwanajiografia Mwarabu, alipomchorea Mfalme Roger wa Sisilia ramani yake mwaka 1154, aliweka kusini juu. Na sisi wenyewe maneno yetu, kaskazini na kusini, tuliyatoa kwenye pepo, kaskazi na kusi, ambazo kwa nahodha hazina juu wala chini.

Nisijifanye mtakatifu. Juni 2011 nilitia saini prufu, yaani kurasa za ukaguzi wa mwisho kabla ya kuchapwa, za atlasi ya shule. Kura ya maoni ya Sudan Kusini ilishapigwa Januari, matokeo yakatangazwa, na tarehe ya uhuru, 9 Julai, ilijulikana na kila msikiliza redio. Mimi nikajiambia tutarekebisha toleo lijalo, kwa sababu mchora ramani alikuwa likizo na kiwanda kilikuwa kinasubiri. Atlasi ikatoka Agosti, Sudan nzima, rangi moja ya njano. Hadi leo kuna shule zinaitumia.

Tangu hapo, kila jedwali linalopita mezani kwangu naliongezea safu moja nyembamba upande wa kulia: "Mwaka wa kipimo". Mara nyingi inakatwa kwa ajili ya nafasi. Safari hii nimeshinda, kitabu kijacho kitakuwa nayo kwenye jedwali la milima.

Mwalimu alinijibu jana jioni. Mtoto amepewa alama yake. Tatizo ni kwamba sasa darasa zima limechachamaa, wanataka kujua Mlima Meru nao nani aliupima, kwa sababu wamefungua vitabu viwili, kimoja kinasema 4,566 na kingine 4,562. Akaniwekea picha za majalada.

Vyote viwili nilivihariri mimi.