Nzi wa Kinyesi wa Manjano: Dhana Potofu na Ukweli

Watu wengi huamini kwamba nzi wa kinyesi wa manjano, anayejulikana kitaalamu kama Scathophaga stercoraria na kupatikana kwa wingi kwenye malisho ya Ulaya, hukusanyika juu ya mavi mabichi ya ng'ombe ili ayale. Wanaoyala ni mabuu. Aliyekomaa ni mwindaji anayewakamata nzi wengine, akawatoboa na kuwafyonza, na jike asiyepata mawindo hayo hawezi kukomaza mayai.

Dhana ya pili ni kwamba kundi lile la nzi wenye manyoya ya dhahabu ni mchanganyiko wa jinsia zote mbili. Karibu wote ni madume wanaowavizia majike, ambao ni wadogo zaidi na wana rangi ya kijivu inayoelekea kijani. Hudhaniwa pia kwamba dume akishapanda, ushindani umekwisha. Kumbe ndipo unapokolea. Mwanabiolojia Geoffrey Parker, aliyewachunguza nzi hawa nchini Uingereza kuanzia miaka ya 1960, alionyesha kwamba dume wa mwisho kupanda ndiye hurutubisha takriban asilimia 80 ya mayai yanayofuata. Kwa hiyo, baada ya kujamiiana kwa dakika 35 hivi, dume hubaki juu ya mgongo wa jike akimlinda mpaka amalize kutaga. Ulinzi huo una maana, kwa sababu katika purukushani za madume jike huweza kujeruhiwa au hata kuzama kwenye kinyesi.

Wapo wanaodhani kwamba mayai hutagwa popote. Jike hupendelea vijiinuko vidogo vya uso wa kinyesi, akiepuka vibonde ambako mvua ingeyazamisha na vilele vyenye ncha ambako yangekauka, na kila yai lina mapezi mawili yanayolizuia lisididimie.

Kwamba nzi hupenda joto si kweli kwa huyu: majira ya joto kali idadi yake hupungua, na baridi huipitisha akiwa pupa (hatua kati ya buu na nzi kamili) udongoni.

La mwisho ni imani kwamba dawa ya minyoo huishia tumboni mwa ng'ombe. Mabaki ya ivamektini, mojawapo ya dawa hizo, hutoka na kinyesi na huua mabuu, na ndiyo maana spishi hii hutumiwa maabara kupima madhara ya dawa za mifugo kwa wadudu wa malisho.