Fedha za Hisani Ziwafikie Wenye Mradi

Mwaka 2021, kwenye mkutano wa tabianchi uliofanyika Glasgow, serikali 5 pamoja na mifuko binafsi ya hisani ziliahidi dola za Marekani bilioni 1.7 kuzisaidia jamii za asili na wenyeji kulinda haki zao katika ardhi ya misitu. Taarifa ya wafadhili wenyewe, iliyotoka mwaka uliofuata, ilionyesha kuwa ni asilimia 7 tu ya fedha zilizotolewa mwaka 2021 zilizokwenda moja kwa moja kwa asasi za jamii hizo. Nyingi ya zilizobaki zilipitia mikononi mwa wengine kwanza.

Nimesoma maandiko ya miradi kwa miaka mingi, na sikubaliani na wanaosema jamii hizi hazina uwezo wa kusimamia fedha. Fomu ya kuomba ruzuku inadai cheti cha usajili, hesabu zilizokaguliwa za miaka 3 na andiko katika lugha ya mfadhili. Baraza la wazee lililogawa malisho na maji kwa vizazi bila ugomvi halina hata karatasi moja kati ya hizo.

Wakati fulani zililetwa mezani kwangu karatasi 2 zilizoandikwa kwa mkono. Moja ilikuwa ombi, nyingine ramani ya chemchemi iliyochorwa na kina mama. Kila chemchemi ilikuwa na jina lake, miezi inayokauka na ukoo unaoitunza. Ombi lilikataliwa kwa sababu sehemu ya "matokeo tarajiwa" ilikuwa tupu. Bonde hilohilo lilikuwa limeombewa fedha na washauri wa kitaalamu, kwa andiko nene ambalo halikutaja chemchemi hata moja kwa jina. Hao ndio waliopata.

Njia ya kurekebisha hali hii ipo, na imeshajaribiwa. Ni mifuko inayoongozwa na jamii za asili zenyewe, kama Pawanka, Podáali kwa Amazon ya Brazili, na Nusantara Fund ya Indonesia iliyozinduliwa mwaka 2023. Mfadhili mkubwa anatia saini mkataba mmoja na mfuko, kisha mfuko unagawa ruzuku ndogondogo kwa watu unaowajua, na unaweza kuzungumza nao kwa lugha yao. IFAD, mfuko wa Umoja wa Mataifa wa maendeleo ya kilimo, nao una dirisha la ruzuku ndogo kwa miradi inayobuniwa na jamii hizo, na wengi katika bodi ya dirisha hilo ni viongozi wa jamii za asili.

Kikundi kisichosajiliwa kinaweza pia kupata shirika mlezi, yaani shirika lililosajiliwa linalopokea na kutunza fedha kwa niaba yake. Hapa lazima muwe macho. Andikeni mapema mlezi atakata asilimia ngapi, nani anaidhinisha malipo, na mtaachanaje siku mkitaka kusimama wenyewe.

Kwa wafadhili nina ombi. Azimio la Umoja wa Mataifa kuhusu Haki za Watu wa Asili, lililopitishwa tarehe 13 Septemba 2007, linataka ridhaa iliyo huru, inayotolewa mapema na baada ya watu kuelezwa kila kitu. Wengi hulikumbuka linapokuja suala la mgodi au bwawa, lakini mradi wa hisani nao hugusa ardhi na maisha ya watu. Ukiwapa watu wiki 2 za kujibu wakati baraza lao hukutana kwa msimu, ridhaa hiyo si huru. Toeni fedha za miaka kadhaa, maana msitu haurudi ndani ya mwaka mmoja wa bajeti. Lipieni pia uendeshaji: nauli za wajumbe, mhasibu, simu. Na ripoti ya sauti iliyorekodiwa mbele ya baraza ipokeeni kama ripoti kamili.

Nanyi mnaoomba, kabla ya kutia saini ulizeni jambo ambalo vikundi vingi hulisahau: ramani, picha na maarifa ya dawa tutakayowapa yatakuwa mali ya nani? Ile ramani ya kina mama ilibaki kwenye faili, na hakuna aliyewarudishia. Kama mkataba haujibu swali hilo, urudisheni hadi jibu liandikwe.