Jalidi haianguki

Juzi nimesikia tena taarifa kwamba "theluji imeunguza mazao usiku wa kuamkia leo." Picha yenyewe inaonyesha majani yaliyoota ukoko mwembamba mweupe pembezoni, na mbingu juu haina hata wingu. Hiyo ni jalidi, au sakitu ukipenda: chembe za barafu zinazojiunda juu ya majani, udongo au bati, uso wake unaposhuka chini ya nyuzijoto 0 na mvuke wa hewani ukagandia hapo hapo.

Neno ni la Kiarabu, jalid. Wapo wanaolitoa kwenye jalada, eti kwa kuwa jalidi hufunika ardhi kama jalada lifunikavyo kitabu, na ushahidi wao ni kwamba kujalidi ni kutia kitabu jalada. Inapendeza kusikia. Herufi za mzizi ni zile zile, j-l-d, lakini jalada limepitia kwa jild, yaani ngozi, iliyokuwa ikivalishwa vitabu. Jalid ya baridi iko upande wa ugumu. Waarabu humwita jalid hata mtu mstahimilivu. Tena wao siku hizi wakisema jalid, aghalabu wanakusudia barafu yenyewe.

Maneno ya baridi yana tabia ya kupokezana viti. Barafu yetu ni barf ya Kiajemi, na kwa Waajemi barf ni theluji. Kwa hiyo anayeiita theluji barafu ana wa kumtetea. Anayeiita jalidi theluji, mimi simwoni wakili wake.

Theluji, thalj ya Waarabu, huundwa mawinguni ikashuka. Jalidi hupenda usiku usio na wingu wala upepo, ardhi inapopoteza joto lake kwenda angani bila kizuizi. Ndiyo maana kipimajoto kilichotundikwa mita 2 juu kinaweza kusoma nyuzi 3 ilhali nyasi chini yake zimeganda. Na wanaosema ni "umande ulioganda" wamekaribia, ila mara nyingi mvuke huwa barafu bila kupitia maji kabisa.

Basi ndugu mtangazaji, ukihitaji kitenzi, sema jalidi imetanda, au imeganda. Kuanguka iachie theluji.