Je, wajua? Kovu la tumboni halisemi lilivyo kovu la mfuko wa uzazi

Mama aliyejifungua mtoto wa kwanza kwa upasuaji anapopata mimba ya pili, mara nyingi jibu la mtaani huwa limeshamfikia kabla hajafika kliniki: ukishapasuliwa mara moja, utapasuliwa siku zote. Je, ni kweli? Kwa wanawake wengi si kweli. Sababu yake imejificha mahali ambapo jicho halifiki, na ndiyo maana hata wanaojua kuwa si kweli hukosea kueleza kwa nini.

Mimi mwenyewe nilikosea. Nilikuwa nimesikia kwamba kuna kovu la kusimama na kovu la kulala, na kwamba la kulala ndilo salama. Nilipomsindikiza dada yangu kliniki, akiwa na mimba ya pili, nilimweleza mkunga kwa uhakika kwamba kovu lake limelala chini kabisa ya kitovu, kwa hiyo bila shaka ataweza kujifungua kwa kawaida. Mkunga hakulitazama tumbo. Aliomba karatasi ya ruhusa ambayo dada alipewa alipotoka wodini mara ya kwanza, akaipitisha kidole mstari kwa mstari, kisha akasema, "Hilo mnaloniambia ni kovu la ngozi, mwanangu. La mfuko wa uzazi likoje?" Karatasi ilitaja sababu ya upasuaji, uzito wa mtoto na dawa alizopewa, juu ya mkato wa ndani haikusema neno.

Kosa hilo linastahili kufafanuliwa, kwa sababu wengi tunalo. Kati ya ngozi na mtoto kuna tabaka kadhaa: ngozi, mafuta, utando mgumu unaofunika misuli, misuli yenyewe, utando wa ndani wa tumbo, na mwisho ukuta wa mfuko wa uzazi. Kila tabaka hufunguliwa peke yake, na mkato wa tabaka moja haulazimiki kufuata mwelekeo wa lingine. Daktari aweza kuikata ngozi kwa upana, halafu akaukata mfuko wa uzazi kwa urefu, pengine kwa sababu mimba ni changa mno na sehemu ya chini ya mfuko haijatanuka, au mtoto amelala kingamo, au uvimbe umeziba njia. Kinyume chake pia hutokea: katika dharura ngozi hukatwa kwa urefu ili kufika ndani haraka, lakini mfuko ukakatwa chini, kwa upana, kama kawaida. Na yupo mwanamke ambaye hajawahi kupasuliwa kwa ajili ya kuzaa, ila aliondolewa uvimbe katika kizazi. Naye ana kovu la ndani ambalo mkunga anapaswa kulijua. Kwa hiyo kulitazama kovu la nje na kutoa hukumu juu ya la ndani ni sawa na kutazama mlango wa mbele wa nyumba na kudai umejua vyumba vilivyopangwa.

Ule msemo wa mtaani una chimbuko. Mwaka 1916 daktari Edwin Cragin wa New York aliandika kwamba upasuaji mmoja ni upasuaji siku zote. Alikuwa akiwaonya wenzake wasiharakie upasuaji wa kwanza, na katika maneno yayo hayo alikiri kwamba mgonjwa wake mmoja alikuwa amejifungua kwa kawaida mara tatu baada ya kupasuliwa. Zama zake mfuko wa uzazi ulikatwa kwa urefu, sehemu ya juu. Mkato wa chini, wa upana, ulienezwa baadaye, hasa na John Munro Kerr wa Glasgow katika miaka ya 1920. Mkato ukabadilika, msemo ukabaki.

Kwa nini basi mahali pa mkato pawe na uzito wote huu? Mfuko wa uzazi wakati wa uchungu ni kiungo kimoja chenye kazi mbili. Sehemu ya juu ni nene na ina nguvu, ndiyo inayobana. Sehemu ya chini ni nyembamba, haina nguvu nyingi za kubana, na kazi yake ni kuvutwa na kufunguka. Fikiria mama anayemvisha mtoto kanzu yenye shingo ndogo. Mikono ya mama inashika kitambaa na kukivuta. Shingo ya kanzu haifanyi kazi yoyote ya kuvuta, inatanuka tu polepole hadi kichwa kipite. Katika uzazi, sehemu ya juu ndiyo mikono ya mama huyo, ile ya chini ndiyo shingo ya kanzu. Mshono ulio kwenye shingo hutanuliwa, jambo ambalo si dogo, lakini mshono ulio kwenye mikono yenyewe hukazwa na kukunjuliwa kwa nguvu kila baada ya dakika chache, kwa saa nyingi.

Lakini tofauti kubwa zaidi, kwa maoni yangu, huanza mapema kuliko hapo, tangu siku za kupona baada ya upasuaji wa kwanza. Mtu aliyejikata kwenye kifundo cha kidole anajua: kila akikunja kidole, kidonda kinafunguka upya, na kovu lake huwa baya. Aliyejikata pajani hana shida hiyo. Baada ya kuzaa, mfuko wa uzazi husinyaa kutoka karibu kilo 1 hadi chini ya gramu 100 katika muda wa wiki 6 hivi, na anayefanya kazi hiyo ya kubana ni sehemu ya juu. Mkato uliopo huko hujaribu kufunga huku ukuta wake ukijikunja, nyuzi zikilegea. Mkato wa chini umetulia, kingo zake nyembamba zinakutana vizuri, na unafunga kwa amani.

Ndiyo maana hesabu zinatofautiana sana. Kwa mama mwenye kovu moja la chini, la upana, hatari ya mfuko kuchanika wakati wa uchungu hukadiriwa kuwa karibu mmoja katika 200. Kwa kovu la juu, la urefu, makadirio yanayotajwa zaidi ni kati ya 4 na 9 katika 100, na mama huyo hashauriwi kujaribu kujifungua kwa kawaida. Kati ya wanaojaribu wakiwa na kovu la chini, karibu 72 hadi 75 katika kila 100 hujifungua kwa njia ya kawaida, na waliowahi kujifungua hivyo hapo kabla hufaulu zaidi. Hata hivyo takwimu hizi zinatoka zaidi katika nchi tajiri, ambako chumba cha upasuaji na damu viko hatua chache kutoka kitandani. Hazihamishiki zilivyo hadi kwenye zahanati iliyo mbali na hospitali. Mama mwenye kovu anapaswa kuzalia penye upasuaji wa dharura. Kuanzishiwa uchungu kwa dawa huongeza hatari, na dawa iitwayo misoprostol haifai kabisa kumwanzishia uchungu mama mwenye kovu aliyekaribia kujifungua.

Na hapa ndipo uangalizi wa karibu unapokuwa sehemu ya tiba. Kovu likianza kuachia, mara nyingi dalili ya kwanza ni mapigo ya moyo wa mtoto kubadilika, na atakayeyasikia ni yule anayeyasikiliza mara kwa mara. Tafiti nyingi zimeonyesha kwamba mama anayekaa na msaidizi mfululizo ana nafasi kubwa zaidi ya kujifungua kwa kawaida, na tangu 2018 mapendekezo ya Shirika la Afya Duniani yanataka kila mama awe na msaidizi aliyemchagua mwenyewe wakati wa kujifungua. Tafiti hizo zilihusu wanawake wanaojifungua kwa jumla, si wenye makovu peke yao, hivyo kwa hawa ushahidi ni mwembamba zaidi.

Dada yangu alimchagua shangazi. Hospitali ilikuwa imeshalitafuta faili la zamani na kuandika kwenye kadi yake maneno matatu, "chini, kwa upana". Mkunga aliuchukua mkono wa shangazi, akauweka juu ya tumbo na kusubiri hadi uchungu ukaja, tumbo likakaza, kisha likalegea chini ya kiganja. "Umesikia linavyoachia?" akamuuliza. "Likikataa kulegea, au akisema panamuuma hapa chini hata uchungu ukiwa umeondoka, usinisubiri nirudi. Niite."