Sinema bubu za kutisha: yanayodhaniwa na yaliyo kweli

Dhana: Zote zilikuwa nyeusi na nyeupe.
Hapa ndipo wakusanyaji wengi huuziwa mbuzi kwenye gunia. Mikanda ilichovywa rangi, onyesho kwa onyesho: buluu kwa usiku, manjano kwa mwanga wa taa. Katika Nosferatu (1922), mwongozaji F. W. Murnau alipiga maonyesho ya usiku mchana kweupe, akiitegemea buluu ilete giza. Ukinunua nakala isiyo na rangi, utamwona mnyonya damu akibeba jeneza lake juani, ilhali jua ndilo linalomuua! Rangi tunazoziona katika nakala zilizokarabatiwa zilifuatwa kwenye nakala ya Kifaransa iliyohifadhiwa Cinémathèque française, hifadhi ya filamu iliyoko Paris.

Dhana: Watu walikuwa wakienda mbiombio.
Kosa ni la projekta. Kamera ilizungushwa kwa mkono, mara nyingi picha 16 hadi 20 kwa sekunde. Projekta ya filamu za sauti hupitisha 24. Mita moja ya mkanda wenye upana wa milimita 35 ina picha 52 na ushei. Nosferatu ilikuwa na mita 1,967: kwa picha 18 kwa sekunde ni kama dakika 96, kwa 24 ni 72. Basi soma dakika kwenye jalada kabla ya kulipa. Zikipungua sana, ama imekimbizwa au imekatwa.

Dhana: London After Midnight (1927) inapatikana kamili.
Nakala ya mwisho iliyojulikana iliteketea katika ghala la MGM, kampuni ya filamu ya Marekani, miaka ya 1960. Iliyopo ni ya 2002, iliyoungwa kwa picha za mnato.

Dhana: Kila mkanda wa kale ni hatari ya moto.
Hatari ni naitreti, plastiki ya kale iliyotengenezewa mikanda, hasa ya milimita 35. Kodak iliacha kuitengeneza 1951. Ikiwaka hujitolea oksijeni yenyewe, hata maji hayaizimi. Ikioza hugeuka kahawia, hunata, hutoa mapovu, mwisho huwa unga. Usiipitishe kwenye projekta, wala usiijaribu kwa kiberiti. Wasiliana na hifadhi ya filamu. Milimita 16 ilitoka 1923 ikiwa asetati, plastiki nyingine isiyowaka ovyo. Nayo ina ugonjwa wake: ukifungua kopo ukanusa siki, imeanza kuoza, na mvuke wake huharibu mikanda jirani. Itenge siku hiyohiyo, mahali pakavu penye baridi, na uinakili kabla haijasinyaa.