Uislamu na mataifa mengine: dhana tatu na ukweli wake

Dhana: Qurani imeigawa dunia mara mbili, Darul-Islam (nchi ya Uislamu) na Darul-Harb (nchi ya vita), zisizopatana kamwe.

Ukweli: Maneno hayo hayamo ndani ya Qurani. Ni istilahi za mafakihi, wanazuoni wa sheria ya Kiislamu, na hata wao hawakuishia kwenye mbili. Wapo waliotaja Darul-Ahd, nchi zenye mapatano na Waislamu. Kutokana na mijadala hiyo ilikua fani iitwayo siyar, sheria ya Kiislamu kuhusu mahusiano na mataifa mengine. Muhammad bin al-Hasan al-Shaybani (aliyefariki mwaka 805), mwanafunzi wa imamu Abu Hanifa, aliandika humo kuhusu wajumbe, mateka na dhamana ya usalama apewayo mgeni. Hugo Grotius, anayeitwa baba wa sheria ya kimataifa, alichapisha kitabu chake cha vita na amani mwaka 1625, karne nane baada ya al-Shaybani.

Dhana: Kwa Waislamu mkataba ni hila ya kuvuta muda. Tazama mkataba wa Hudaibiya!

Ukweli: Haya, tuitazame. Mwaka 628 Mtume Muhammad (S.A.W.) alikubaliana pale Hudaibiya na Makureshi, kabila lililotawala Makka, kusitisha vita kwa miaka kumi. Sharti moja lilikuwa chungu: atakayekimbia Makka bila idhini ya walii (msimamizi) wake arudishwe. Mkataba ungali unaandikwa, akatokea Abu Jandal akijikokota na minyororo, Mwislamu aliyetoroka kifungo. Baba yake, Suhail bin Amr, ndiye aliyekuwa mjumbe wa Makureshi pale pale. Masahaba waliumia sana, lakini kijana akarudishwa. Mwenye nia ya kuvunja ahadi angetaka kisingizio gani zaidi ya hicho? Mapatano yalivunjika takriban miaka miwili baadaye, pale Banu Bakr, washirika wa Makureshi, walipowavamia Khuzaa waliokuwa upande wa Mtume. Na Sura Al-Anfal, aya ya 58, iko wazi: ukichelea hiyana, mtangazie mwenzako kwamba mkataba umekwisha. Kuvizia hakuna.

Dhana: Dini huzifanya nchi za Kiislamu zisimame pamoja.

Ukweli: Laiti. Jumuiya ya Ushirikiano wa Kiislamu (OIC), iliyoundwa Rabat mwaka 1969 baada ya Msikiti wa Al-Aqsa kuchomwa moto, ina wanachama 57. Iran na Iraq, wanachama wote wawili, zilipigana kuanzia 1980 hadi 1988. Wala urafiki haukufuata dini: huko nyuma, mwaka 1543, manowari za Sultani Suleiman wa Dola ya Uthmaniya, Mwislamu, ziliingia bandari ya Toulon kukaa msimu wa baridi, wageni wa Francis I, mfalme Mkatoliki wa Ufaransa, aliyetaka msaada dhidi ya Kaisari Charles V, Mkatoliki mwenzake.